Mashahidi wa Nyumba Moja

Jumapili ya pili ya matangazo, jina la Elsie halikusomwa. Mchungaji Mwasaru alitangaza ndoa mbili za watu wa bondeni, akatangaza mkutano wa akina mama, akatangaza ng'ombe mwekundu aliyepotea tangu Jumatano, kisha akafunga daftari lake na kusema tuimbe. Gertrude, mama yake Elsie, alisubiri hadi ubeti wa mwisho akijipa moyo kwamba labda mchungaji amesahau. Mchungaji hakuwa amesahau. Mtu anayekumbuka kutangaza ng'ombe hawezi kumsahau bibi harusi.

Mumewe, Obadiah Mwakio, alikuwa mbele, kwenye benchi la wasomaji. Kwa miaka kumi na minane yeye ndiye aliyesoma somo la kwanza, kwa sauti nzito isiyo na haraka, na watoto wa pale Wusi walijua kumwigiza. Siku hiyo mzee mmoja wa kanisa alimgusa bega kabla ya ibada akamnong'oneza kwamba somo litasomwa na mwalimu fulani kijana. Mwalimu alijikwaa kwenye kila jina la Kiyahudi. Obadiah alikaa mikono juu ya magoti, akijua kila jina linavyotamkwa, na hilo likamuuma kuliko kunyang'anywa somo lenyewe.

Nje, watu waliwasalimia kwa ncha za vidole, halafu wote wakakumbuka kazi walizoacha nyumbani. Bibi mmoja alimshika Elsie mkono na kumwambia Mungu atafanya njia, kwa sauti ile ile anayotumia matangani. Elsie alisema asante. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na alikuwa amekwisha kushona gauni.

Nao muda haukuwapo. Ndoa ilitakiwa kutangazwa mara tatu, na ya Elsie ilikuwa imetangazwa mara moja tu. Jumapili moja tu ilibaki kabla ya Kwaresima, na katika Kwaresima kanisa lile halikufungisha ndoa. Reuben, mchumba wake, karani wa reli kule stesheni ya Voi, alikuwa na barua ya uhamisho: tarehe mosi ya mwezi uliofuata awe ameripoti Kisumu. Wakikosa kufunga ndoa sasa, angekwenda Kisumu peke yake, na kila mama pale kilimani alikuwa na hadithi ya kijana aliyekwenda mbali akiwa mchumba akarudi akiwa baba wa watoto wawili.

*

Chanzo chake kilikuwa kitabu.

Obadiah alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ardhi. Mashamba ya kilimani yalipoanza kupimwa ili watu wapewe hati, serikali ilitaka mtu wa kusikiliza ugomvi wa mipaka, na watu wakamchagua yeye kwa sababu hakuwa na rafiki. Maneno hayo ni ya watu wenyewe, nao waliyasema kwa sifa. Alikuwa na kanuni moja tu aliyoirudia hadi ikachosha: shahidi asiwe amekula kwako, wala asiwe wa nyumba yako. Mtu alikuja na ndugu zake wote, wamevaa makoti, na Obadiah aliwapa uji, akawashukuru, akafunga faili.

Mwaka uliotangulia, huo ukiwa elfu moja mia tisa themanini na mbili, alipelekwa kusaidia kamati ya Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau. Huko akashikwa na malaria. Aliyemwuguza alikuwa Musyimi, Mkamba mwembamba aliyevuta mnyororo wa kupimia. Musyimi hakunywa pombe, hata chai hakunywa, na kwa siku sita alimpikia mgonjwa uji, akamfulia shuka, akapiga magoti kando ya kitanda na kumwombea kwa Kikamba. Obadiah alipopona alimwuliza ni wa dhehebu gani. Musyimi akasema huko kwao kuna watu wachache wanaokutana nyumbani kwa mtu, wanaitwa Wamormoni, na akamwachia kitabu chao, cha Kiingereza, chenye jalada la buluu.

Obadiah alirudi nacho Wusi akakisoma kila jioni kwa kamusi. Kilisimulia kwamba kijana mmoja wa Amerika alioneshwa na malaika mabamba ya dhahabu yaliyozikwa kilimani, yameandikwa na watu wa kale, akayatafsiri. Na watu hao wa kale, ng'ambo ya bahari, Yesu aliwatembelea yeye mwenyewe baada ya kufufuka. Mbele kabisa kulikuwa na ukurasa wa mashahidi kumi na mmoja walioyaona mabamba na kutia sahihi. Hapo ndipo Obadiah aliponaswa. Maisha yake yote ya utu uzima alikuwa akitafuta kesi yenye mashahidi kumi na mmoja.

*

"Nani alimwambia Mchungaji?" Obadiah aliuliza Jumapili hiyo, baada ya chakula. Alikuwa amekula kidogo sana, na kimanga cha Gertrude, muhogo uliopondwa na maharagwe, si chakula cha kuachwa kwenye sahani.

"Umezunguka na kitabu cha buluu miezi minne, Baba Elsie. Sasa unauliza nani alisema."

"Kilikuwa ndani ya nyumba. Sijakitoa hata siku moja."

Gertrude alikusanya sahani. "Mchungaji anataka kitu kidogo tu. Usimame Jumapili useme ni kitabu cha uongo. Neno moja. Halafu anatangaza."

"Na kama sijui kama ni cha uongo?"

"Basi useme hujui."

"Nilimwambia hivyo Ijumaa. Hakutaka. Ati anataka nikikane, kama Petro lakini upande wa pili." Obadiah alijaribu kucheka na kicheko hakikutoka. "Mimi nimekataa kuandikia watu mashamba kwa sababu walisema jambo wasilolijua. Leo niseme mimi?"

"Kwa ajili ya mtoto wako."

"Hivyo ndivyo wenye kesi wote wanavyosema. Wote huwa ni kwa ajili ya watoto wao."

Elsie alikuwa mlangoni na ndoo. Aliyasikia yote, akaenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika. Hakumchukia baba yake. Angependa kumchukia kidogo, ingekuwa rahisi. Lakini alimjua. Alikuwa amemwona akirudisha kuku aliyeletewa zawadi na mtu mwenye kesi, akimbeba mwenyewe maili tatu kwenye mvua, kuku akilalamika njia nzima.

Jumatatu na Jumanne Obadiah alizungumza na mkewe kama mtu anavyozungumza na karani: chumvi, jembe, barua. Gertrude aliogopa. Kwa watu wa kilima kile hasira ya mzazi si maneno wala fimbo. Inakaa moyoni kimya, na mtoto anayeolewa nayo ikiwa bado imo, hamalizi mwaka bila kuumwa au kulia. Wamisionari walisema ni ushenzi kuamini hivyo, na watu wakaitikia amina, wakaendelea kuogopa. Jumatano asubuhi Gertrude alifunga leso akatoka bila kuaga.

*

Alhamisi saa tisa alasiri wageni walifika. Wa kwanza alikuwa Mwandawiro, baba yake Reuben, mzee mnene mwenye fimbo na koti la mvua, kiangazi au masika. Reuben alikuwa nyuma yake, amepanda kutoka Voi kwa ruhusa ya siku moja. Kisha Mchungaji Mwasaru, anatweta, kwa sababu njia ya kwa Obadiah ni ya kupanda tu. Obadiah aliwatazama wakiingia akajua mkewe alikokwenda.

Kati ya Obadiah na Mwandawiro kulikuwa na jambo, na kilima kizima kililijua. Miaka sita nyuma Mwandawiro alidai kipande cha shamba penye chemchemi. Alileta mashahidi watano, wote wanawe, Reuben akiwa wa mwisho. Obadiah aliwapa uji. Tangu siku hiyo Mwandawiro alimsalimia kwa kofia tu, na hata mahari ilijadiliwa na kaka zao.

"Nimeambiwa kuna kesi," Mwandawiro alisema alipoketi. "Nimekuja kusikiliza. Mimi si mtu wa vitabu, lakini kesi nazijua. Moja naijua vizuri sana."

"Hakuna kesi," Obadiah alisema.

"Ipo," alisema Gertrude. Alikuwa amesimama, mikono ndani ya leso. "Mwenyekiti, mimi naleta kesi. Kitabu hiki kinadai. Kisikilize kama unavyosikiliza shamba. Ukikiandikia haki, mimi nitanyamaza, na Elsie atangoja Pasaka. Ukikikataa, useme ulivyokataa."

Ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yao kumwita Mwenyekiti. Obadiah aliinuka, akaleta kitabu, akaleta na miwani, akaketi upande wa pili wa meza, mahali alipokaa siku za kamati. Mchungaji alitaka kufungua kwa maombi, na Mwandawiro akamwambia tutaomba mwishoni tukijua tunaombea nini.

"Hayo mabamba yenyewe," Mwandawiro alianza, "yako wapi tukayaone?"

"Hayapo. Malaika aliyachukua."

"Aa. Yalichukuliwa." Mwandawiro aliegemeza fimbo ukutani. "Mimi bikoni yangu, jiwe langu la mpaka, ilichukuliwa na mvua kubwa ya sitini na moja. Nilikuambia hivyo pale chini ya mti wa kamati. Ulinijibu nini, Mwenyekiti?"

Obadiah alijua alichojibu. "Nilisema bikoni isiyokuwapo si bikoni. Tuite mashahidi."

"Tuite mashahidi. Soma majina."

Obadiah alifungua ukurasa akasoma, polepole, kwa sauti yake ya kanisani, majina ya Kizungu moja baada ya jingine, na Mwandawiro akakunja kidole kwa kila jina. Obadiah alipofika katikati, Mwandawiro aliinua mkono.

"Rudi. Huyo wa pili. Halafu hao wanne waliofuatana. Jina la mwisho si ni moja?"

"Ni moja."

"Watano. Kama wangu." Alimtazama Reuben, na Reuben akatazama viatu vyake. "Endelea."

"Huyu anayefuata jina lake ni lingine," Obadiah alisema. Hakuna mtu mwingine chumbani aliyejua alichokijua yeye, na angeweza kupita. "Lakini alioa dada yao. Musyimi aliniambia."

"Na hao watatu wa mwisho?"

"Baba yake mwenye kitabu. Na ndugu zake wawili."

Nje mbuzi alilia. Mwandawiro hakucheka, ingawa alikuwa amesubiri miaka sita kucheka. Alikuwa ameanza kuona uso wa Obadiah.

"Wamebaki wawili," alisema, kwa sauti ya chini kidogo.

"Mmoja ndiye aliyekuwa akiandika, kijana akisoma. Mwingine…" Obadiah alivua miwani. "Mwingine aliweka shamba lake rehani ili kitabu kichapwe. Musyimi aliniambia kwa sifa, kuonyesha imani ya mtu yule. Nami nikaisikia kwa sifa." Alifuta miwani kwa shati, muda mrefu kuliko vioo vilivyohitaji. "Niliusoma ukurasa huu labda mara thelathini. Majina nimeyasoma. Sikuyauliza ni ya nyumba gani. Mtu yeyote angeniletea faili hili ningemwona tangu mlangoni."

"Kwa nini hukuuliza, Baba?" Elsie ndiye aliyesema, kutoka kwenye kigoda karibu na mlango.

"Nilitaka kiwe kweli."

Alifunga kitabu, akaweka kiganja juu yake. "Kwa mashahidi hawa siwezi kumwandikia mtu shamba. Hata la mboga. Nimemaliza."

*

Mchungaji Mwasaru alipumua, akajipigapiga mapaja kwa viganja. "Bwana asifiwe. Basi Jumapili utasimama ukikane, na jina la mtoto litasomwa."

"Nitasimama niseme nilichosema hapa. Mashahidi hawatoshi. Kitabu chenyewe sitakitukana."

"Obadiah. Umesema mwenyewe ni cha uongo."

"Sijasema. Nimesema hakina mashahidi. Kesi ikikosa mashahidi naifunga, lakini simwiti mwenye kesi mwizi. Muulize Mwandawiro. Nilimwita mwizi?"

"Hapana," Mwandawiro alikiri, kwa shida. "Ulinipa uji."

"Na aliyenipa kitabu hiki alinifulia shuka niliyotapikia. Sitasimama mbele ya watu nikamwita mwongo."

Mchungaji alitikisa kichwa. Alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na barua za wakubwa wake juu ya dini ngeni, na hakupenda kuonekana mlegevu. "Watu watauliza, kama si cha uongo, ulikuwa unatafuta nini humo?"

Obadiah alikisogeza kitabu pembeni. Alipoanza kusema tena, ile sauti ya kanisani haikuwapo.

"Nilimtafuta babu yangu. Mwakio, ninayebeba jina lake. Alikufa kabla misheni haijapanda huku. Fuvu lake liko kwenye pango la ukoo wetu, walikowekwa wafu wa zamani, pale juu, na mafuvu ya wenzake kando yake. Nilipokuwa na miaka minane, mwalimu wa Jumapili alituambia wote wale wa mapangoni wako motoni, kwa sababu hawakusikia Neno. Nilirudi nyumbani nikalia. Sasa nimezeeka, nasoma kitabu kinachosema Yesu aliwaendea watu wengine, mbali, ambao hakuna aliyewaandika. Nikasema, basi huenda alipita na huku. Huenda alipanda na hii njia yetu na hakuna aliyekuwa na kalamu." Alimgeukia mchungaji. "Babu yako wewe, Mchungaji, yuko wapi?"

Mwasaru ni mtoto wa kilima kile kile. Pango la ukoo wao liko nusu saa kutoka pale. Aligeuka akatazama dirishani.

"Mimi ndiye niliyemwambia Mchungaji," Gertrude alisema.

Wote wakamgeukia. Alikuwa amekaa chini sasa, kwenye mkeka, miguu imenyooshwa. "Niliona unasoma peke yako jioni, na siku moja nikaona unafuta machozi, na nikikuuliza unasema ni moshi. Miaka ishirini na sita hujawahi kunificha kitu. Nikaogopa hicho kitabu kinakuchukua. Ungeniambia ni babu, ningejua. Mimi pia nina bibi mle pangoni."

Obadiah alimtazama mkewe, na kila mtu pale ndani aliona hasira ikimpanda shingoni, na kumwona akiijua na kuionea haya. Alikuwa amekasirika siku nne bila kujua amkasirikie nani, na sasa amempata, na ndiye mtu aliyempenda kuliko wote.

Obadiah alinyosha mkono. Elsie alielewa kabla ya wengine, akachota maji mtungini kwa kikombe cha bati akamletea.

Watu wa kule huita kutasa. Mtu mwenye hasira hutia maji mdomoni, akayapuliza nje kama manyunyu, na akasema hasira imetoka, na ikishasemwa imetoka kweli, hairudishwi. Msomaji wa kanisa hatakiwi kuijua. Mchungaji Mwasaru alihubiri dhidi yake kila mwaka, Jumapili ya kabla ya mavuno.

Obadiah alisimama katikati ya chumba, Elsie mbele yake. Alitia maji mdomoni, akayapuliza, na manyunyu yakawaangukia Elsie na Gertrude. "Kama nilimkasirikia mama yako, imetoka," alisema. "Kama nilimkasirikia Mchungaji, imetoka. Ukae vizuri na mume wako. Uzae. Usiumwe."

Alipotaka kuweka kikombe mezani, Mwandawiro alikuwa amekwisha kusimama bila fimbo. "Lete hapa. Mimi nina yangu ya miaka sita," alisema. Alipuliza kwa nguvu za mtu mnene, Reuben akarudi nyuma hatua moja, akachelewa. "Ile ya chemchemi imetoka. Shamba bado ni langu, lakini hasira imetoka."

"Leta shahidi asiye mwanao," Obadiah alisema, na sasa kicheko kilimtoka.

Gertrude naye akachukua kikombe. Kisha wote wakakumbuka kwamba mchungaji yupo. Alikuwa bado anatazama dirishani, kule juu kwenye miamba, na kola yake nyeupe ilikuwa na matone. Aliinuka polepole. Gertrude alifikiri anaondoka, akashika leso yake kwa mikono miwili.

"Elsie, mwanangu," Mchungaji Mwasaru alisema, "hayo maji yamebaki?"

Yalikuwa yamebaki kidogo. Mchungaji alivua miwani akaiweka juu ya kitabu cha buluu, akapokea kikombe, akafanya kama baba yake alivyokuwa akifanya wakati yeye alipokuwa mtoto. Alichosema kilikuwa cha chini sana, na walisikia jina la Elsie na jina la mzee mmoja wa ukoo wake aliyekufa zamani. Kisha akavaa miwani, akatoa daftari la matangazo mfuko wa ndani, akamwuliza Reuben jina lake kamili la ubatizo huku akijua, akaandika.

"Jumapili nitatangaza mara mbili, asubuhi na alasiri, zitimie tatu," alisema. "Na Obadiah, somo la kwanza ni lako. Yule mwalimu ametuaibisha."

Elsie alisimama katikati yao, blauzi imelowa mabegani na matone yakimteremka shingoni, na hakuna aliyemwambia ajifute.